Mzee wa Kofia Nyekundu

Mpira ulilia paa ndani ya glavu ya mdakaji, na mzee mwenye kofia nyekundu akaitikia kwa kichwa. Darla akashusha pumzi. Tangu asubuhi roho yake ilikuwa inamtegemea yule mzee.

Mzee alikaa peke yake kwenye kiti cha kukunja, nyuma kabisa ya wavu, pale wanapopenda kukaa makocha wa vyuo wanaokuja kutafuta wachezaji. Kofia yake ilikuwa ya chuo kikuu kile kile ambacho Brenna, binti wa Darla, alibandika nembo yake ukutani tangu yuko darasa la nne. Miwani ya jua hakuivua hata mawingu yalipofunika uwanja. Na hakusema na mtu.

Huko kutosema ndiko kulikowatia wazazi uhakika. Mzazi yeyote wa softiboli, mchezo ule wa kuupiga kwa gongo mpira unaorushwa, huko Oklahoma anaijua sheria: hadi Septemba mosi, binti anapoanza mwaka wa tatu wa sekondari ya juu, kocha wa chuo haruhusiwi kumsemesha yeye wala wazazi wake. Atapita mbele yako kana kwamba mlishagombana. Asubuhi Darla alimpa mzee tabasamu lake bora kuliko yote; mzee akabaki na uso wake ule ule. Tanya, mama wa mdakaji, akampelekea karatasi ya majina ya wachezaji, na mzee hakunyoosha hata mkono. Tanya akarudi nayo kafurahi mno.

"Ndiye mwenyewe," alimnong'oneza Darla, huku akitema maganda ya alizeti. "Na macho yake yako kwa binti yako tu, mwenzangu. Mpira ukipigwa huko mbali, sisi wote tunageuza shingo. Yeye hageuki."

Ilikuwa kweli. Mpira uruke uendako, uso wa mzee ulibaki umemwelekea Brenna, aliyesimama katikati ya uwanja akiwarushia wapigaji. Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya kiangazi, na hakuna kocha mwingine wa chuo aliyekuja kumtazama. Asipopata wa kumpigia simu Septemba, chuo angekisikia kwa wenzake.

Raundi ya tano bega la Brenna likaanza.

Darla alilijua bega lile. Majira ya kuchipua alilifunga barafu wiki nzima, na daktari aliwaambia wote wawili, bila kuzunguka, kwamba likiuma tena mtoto aache kurusha siku hiyo hiyo, maana likichanika basi tena, softiboli imekwisha. Sasa alimwona Brenna anaunyoosha mkono kwa siri nyuma ya mgongo. Alimwona anauma midomo kila anaporusha. Kutoka alipokaa hakusikia kitu, ila mama hahitaji kusikia.

Kocha wao, Randall, akaenda katikati kumuuliza kama anataka kutoka. Brenna akatazama kofia nyekundu nyuma ya wavu, akakataa kwa kichwa. Randall akarudi kuketi.

Darla akainuka. Alichotaka ni kufika kwenye kibanda cha timu tu na kumwambia Randall, mtoe mwanangu. Tanya akamshika blauzi.

"Kaa chini wewe. Unataka kumharibia? Akiona mama anaingia kibandani, jina la mtoto linakatwa hapo hapo. Hawachukui binti anayeshikwa mkono na mama."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Kila mwaka lilimkuta mtu. Ndiyo maana mabinti hubeba mabegi yao makubwa peke yao huku baba zao wanafuata mikono mitupu, na chupa ya maji mama huiacha mlangoni akaondoka. Darla aliketi. Aliona haya kuketi, na akaketi hivyo hivyo. Akajiambia, raundi moja tu. Halafu nyingine. Kila mpira ulipolia kwenye glavu alimtazama mzee, na sasa mzee hakuitikia tena kwa kichwa. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, amekunja uso.

"Anafikiria," Tanya alisema. "Hapo ndipo wanapoamua."

Brenna alimtoa mpigaji wa mwisho, na timu yake ikashinda. Wenzake walimrukia. Kisha timu mbili zikapanga mistari kupeana mikono, na Darla akaona binti yake anatoa wa kushoto kwa kila mtu. Wa kulia ulikuwa unaning'inia.

Alikimbia hadi kwenye wavu. Hakuna aliyemshika safari hii. Brenna alikuja upande wa pili, uso mweupe, machozi yanamtiririka, na anatabasamu.

"Siwezi kuuinua, mama," alisema. "Lakini ameniona? Niambie, ameniona?"

Darla akageuka. Hatua chache kutoka pale, msichana wa timu iliyoshindwa, jezi yake bado ina vumbi, alikuwa ameinama chini ya kile kiti cha kukunja. Akatoa fimbo nyembamba nyeupe, akaikunjua, akamshikisha mzee mkononi.

"Twende, babu. Mbele yako kuna ngazi."

Mzee hakuondoka. Alisimama amegeuzia sikio uwanjani.

"Yule mtoto aliyekuwa anarusha," alisema, "namsikia akilia tangu raundi ya tano. Hivi hapa hana mama?"