Kicheko cha Chumba cha Pili

Hakuwa na feni. Hakuwa na kompyuta, wala spika, wala picha za rangi za kubandika ukutani. Hakuwa na suti ya pili. Subira pia hakuwa nayo, ingawa hilo asingekubali kuambiwa. Na sasa, wiki ya pili ya masomo ya likizo, Mwalimu Rula alikuwa karibu hana wanafunzi. Waliobaki mbele yake walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa amelala.

Jina la Rula alipewa na wanafunzi wenyewe. Aliyekosea matamshi ya Kifaransa alinyooshewa rula, akasimama, akarudia neno mpaka litoke safi. Lisipotoka, alisimama mpaka kengele. Rula hiyo haikuwahi kumgusa mtu, lakini hakuna aliyependa kunyooshewa.

Zamani walivumilia kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia. Mwaka huu shule ilifungua madarasa mawili ya Kifaransa, na vijana wa sekondari wakaruhusiwa kuchagua. Ukumbi wa mitihani uligawanywa katikati kwa plaiwudi. Upande huu Rula. Upande wa pili mwalimu mgeni, kijana mtanashati ambaye Rula alimwita Marashi, maana harufu yake ilifika kabla yake.

Kwa Marashi walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha.

"Likizo ijayo nina fungu la mwalimu mmoja tu," mkuu wa shule alimwambia Rula. "Ijumaa nitaamua nani abaki. Yule mwenzako ana vyeti vya kujaza sanduku, na umeona mwenyewe anavyopendwa."

"Kipya kinyemi, Mkuu."

"Ingawa kidonda, najua. Lakini mimi nahesabu vichwa."

Tangu siku hiyo wivu ukamkaa Rula kooni kama mwiba wa samaki. Kilichomuumiza zaidi ni kicheko. Kila aliposimulia kile kisa chake cha paka wa shangazi aliyekataa maziwa, wanafunzi wake saba walimkodolea macho, lakini nyuma ya plaiwudi watu walivunjika mbavu. Kisha kimya, kimya cha mtihani. Sauti ya Marashi mwenyewe haikusikika hata mara moja.

"Ananicheka," alimwambia mkewe. "Halafu anawafundisha kwa kunong'ona, nisije nikajifunza mbinu zake."

"Na wewe unayepiga kelele, nani amekuja kujifunza kwako?"

"Mama wee, hata wewe uko upande wake?"

"Niko upande wa chai inayopoa. Kunywa, mume wangu. Wivu haushibishi mtu."

Asubuhi Marashi alimkuta kwenye chumba cha walimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo tunaendelea na nini?"

"Tunaendelea? Wewe endelea na yako!"

Rula aliongeza sentensi ndefu ya Kifaransa, kali, ya kumtia adabu. Marashi hakuijibu. Alicheka tu, akamsogezea kikombe cha maji ya moto.

"Weka asali, Mwalimu. Sauti yako imekauka."

Rula alikiacha kikombe kikapoa. Kiburi gani hiki? Mtu unamsemesha Kifaransa, anakuona hustahili hata kujibiwa!

Mchana huo, kwenye varanda, binti mmoja wa darasa la Marashi alikuwa akiwasimulia wenzake kwa Kifaransa kisa cha paka wa shangazi. Neno kwa neno. Matamshi yake yalikuwa safi kama maji ya mtungini.

"Nani amekufundisha hicho?" Rula alimbana.

Binti alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mwalimu," alisema, akakimbia.

Mwizi! Sasa Rula alielewa kwa nini Marashi alimuuliza somo la siku. Alimfuata fundi seremala, akamwomba azibe kila upenyo uliokuwa kwenye plaiwudi. Fundi alikwenda na misumari yake, akarudi nayo.

"Yule mwalimu kijana amenizuia," alisema. "Ati niache hivyo hivyo, wapate hewa."

"Hewa! Anataka kunichungulia."

"Mimi sijui, mzee wangu. Ila kanibembeleza kama mtu anayeomba mchumba."

Ijumaa ilipofika, Rula hakutaka kungoja hukumu. Miaka yote aliyosimama mbele ya watoto wa watu, leo apangwe mstari mmoja na chupa ya marashi? Wakati wa mapumziko ya chai alikaa mezani kwake, akaandika kwamba anaacha kazi kuanzia siku hiyo hiyo, na kwamba darasa lote apewe mwenzake anayependwa. Tarishi alisimama mlangoni akisubiri.

"Mzee, una uhakika? Mkuu bado hajaamua."

"Nimemwamulia."

Kengele ililia. Nyuma ya plaiwudi madawati yakaanza kuburutwa, kama kila siku.

Huko, Marashi alisukuma dawati la mwisho mpaka likagusa plaiwudi. Darasa zima lilikuwa limeupa mgongo ubao, ambao haukuwa umeguswa kwa chaki tangu masomo yaanze. Akajibana kati ya wanafunzi wawili, akafungua daftari lake, akatega sikio kama wao.

"Sogeeni, hapa mtamsikia vizuri na rula haiwafikii," alinong'ona. "Kalamu mkononi. Mwalimu anaanza sasa hivi."

Upande huu, Rula alilamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa kidole gumba, akampa tarishi, naye tarishi akaondoka nayo mbio.