Idi ya Nyumba Moja

Kisanduku cha ukutani kilimtangazia Bi Mwanakheri kwamba mwezi wa nyumba yake umeandama. Siku hizi kila nyumba ilipangiwa Idi yake, watu wasije wakasongamana. Bi Mwanakheri, kwa mazoea tu, alipika pilau la kulisha mtaa, akapakua sahani saba, akazifunika kawa, akaanza kuzipeleka.

Nyumba ya kwanza walikwisha kula Idi yao wiki iliyopita. Ya pili hawakufungua mlango. Miguu ikamuuma, akaishia kwa jirani yake Mize, aliyejilaza ukumbini midomo imemkauka.

“Idi mubarak, dada. Mimi bado nina siku tatu.”

“Basi nitakungoja magharibi.”

Kufunga siku ya Idi ni haramu, kwa hiyo alikula tende moja, pilau akaliacha lipoe. Kutwa nzima alikaa na kanga yake mpya, asitokee hata mmoja wa kuiona.

Adhana ilipolia, Mize alivuka njia, wakala sinia moja barazani. Ndani, kisanduku kikarudia takbira za asubuhi, sauti za umati zilizorekodiwa msikitini miaka hiyo watu walipokuwa wakisali Idi pamoja.

“Kizime basi, dada,” Mize alisema. “Kelele za watu wasiokuwepo.”

“Ngoja kidogo.”

Bi Mwanakheri alibaki na tonge mkononi. Katikati ya takbira mtu mmoja alikohoa, mara mbili.

“Huyo ni marehemu mume wangu,” alisema. “Haya, kakizime.”