Rangi Nyuma ya Kompyuta

"Mama, machini iko bien," fundi Damas aliniambia ofisini kwangu. "Antivirus ndjo inakatala programu ya Intaneti ifunguke. Inaona sawa iko muizi. Tuizime kwanza."

Niliweka mkono juu ya kompyuta kama mtu anayemshika mtoto sokoni. Antivirus ni mlinzi wa mashine, hilo nalijua.

"Ni kusema minye nifukuze sentinelle, ndjo weye uingie? Bote banaanzaka vile."

Tangu maduka ya Likasi yaporwe na vipuri kuwa adimu, fundi haachwi peke yake na mashine. Anaingia na kipande kibovu mfukoni, anatoka na kizima. Ndiyo maana niliziba skrubu zote za nyuma kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu. Anayefungua lazima aipasue.

Nilikubali shingo upande, macho yangu kwenye mikono yake. Akabofya kidogo, programu ikafunguka palepale. Bisibisi hakuigusa.

Bado sikumwamini. Nikaivuta kompyuta kutoka ukutani, nikaangalia nyuma. Rangi ilikuwepo kwenye kila skrubu, haijapasuka.

Lakini ilikuwa pinki.

"Kuko nini, mama?"

"Hakuna."

Nikamsindikiza hadi uani. Sentinelle wangu, mlinzi anayelala kila siku kwenye baraza ya ofisi, akasimama haraka kutufungulia geti.

"Mama," akaninong'oneza, "ule fundi, ulimuchunga muzuri?"

Aliposhika komeo, nikaona doa la pinki kwenye kidole chake gumba.