Mfuniko wa Buti

"Bati halijawahi kunishinda, na kubadilisha ni kazi ya mafundi wavivu!" alitamba Pasi, fundi bodi, akijipiga kifua kwa mkono uliojaa puti ya kuzibia bati. Hilo jina la Pasi alijipa mwenyewe. Eti yeye hanyooshi magari, anayapiga pasi.

"Ungeanza na hiyo suruali yako, shemeji," alimjibu fundi rangi wa gereji ile, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko msasa.

Mara gari likaingia getini, na Pasi akaacha kucheka.

Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, bampa za nikeli zinazong'aa, yale magari ambayo watu husimama barabarani kuyatazama. Aliyeliendesha alikuwa mzee mwembamba, mpole, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Vifundo vya vidole vyake, mikono yote miwili, vilikuwa na vidonda ambavyo havijakauka vizuri.

Aliitikia shikamoo zao, akawaongoza nyuma ya gari. "Nataka ushauri tu, wanangu. Mfuniko huu wa buti tuunyooshe au tuubadilishe?"

Yule shemeji wa Pasi alipitisha kiganja juu ya bati. Kikasimama. Gari hugongwa kutoka nje, bati likabonyea kuingia ndani, hata mtoto anajua. Hili lilikuwa limevimba kutokea ndani. Vinundu kumi na viwili alivihesabu, kila kimoja saizi ya ngumi.

"Mzee, ulibeba nini humu?"

"Mzigo ambao haukuitaka safari," alisema mzee, akatabasamu peke yake.

Shemeji alimvuta Pasi nyuma ya makopo ya rangi. "Humu alifungiwa mtu," alinong'ona. "Alikuwa anagonga afunguliwe. Tukinyoosha bati hili tumemfutia yule babu ushahidi, na tukifungwa, nani atakuja kututazama? Dada? Hata kwenye harusi yenu alichelewa!"

Pasi alijifuta jasho shingoni. "Hatunyooshi," alisema kwa sauti ya chini. "Tunabadilisha."

"Wewe? Ubadilishe?"

Lakini Pasi alikwisha kumrudia mzee. "Mfuniko huu umekufa, mzee. Nitakutafutia mwingine. Huu niachie mimi, leo hii hii naupeleka kwenye chuma chakavu ukayeyushwe."

Mzee alifumba macho. Akatega sikio, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. "Sema tena, mwanangu."

"Nasema umekufa. Bati limevutika sana, ukiligonga litapasuka."

"Wewe ni fundi wa saba ninayemwonyesha bati hili. Wale sita wote walisema linanyooka."

"Hao hawajui bati!"

"Huenda. Na wewe unadhani ni nini kililifanya hivi?"

"Tairi la akiba. Lilifunguka likawa linarukaruka."

"Tairi la akiba la gari hili hukaa chini, upande wa nje," alisema mzee taratibu. "Lakini endelea. Nakusikiliza."

Shemeji alitia mkono mfukoni, akaishika simu. Apige polisi? Huyo babu alikuwa amesimama kati yao na geti, naye hakuonekana kuwa na haraka yoyote. Mtaa ulikuwa kimya. Kwa jirani, mashine ya kuchomelea ilinguruma kidogo, ikazimika.

Mzee akafungua buti.

Zulia la ndani lilikuwa limechanwachanwa. Upande wa ndani wa mfuniko, katika kila shimo, palikuwa na doa la kahawia lililokauka. Shemeji alikuwa amefanya kazi na mabati miaka tisa. Kutu anaijua. Ile haikuwa kutu.

"Sogeeni," alisema mzee.

Hakuna aliyesogea. Pasi alikuwa ameokota nyundo bila kujua ameiokota saa ngapi.

"Haya, kama hamtaki." Mzee alivua viatu vyake, akavipanga sawasawa kando ya bampa. Kisha akauinua mguu mmoja, akaingia ndani ya buti, akajikunja ubavu, magoti kifuani. Akamnyooshea shemeji ufunguo. "Shika wewe, binti. Nifungie."

"Babu, una wazimu?"

"Nifungie. Halafu mwambie fundi aongee."

"Aongee nini?"

"Chochote. Mradi aongee."

Shemeji alimtazama Pasi. Pasi alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Hapo shemeji akajikuta anamwogopa yeye, si babu, bila kujua kwa nini. Akaushusha mfuniko. Ukafunga kwa mlio mzito wa magari ya zamani.

"Mzee, acha utani," Pasi alisema. "Toka humo. Watu wana kazi. Mimi sijui lolote kuhusu..."

Bati likapigwa kutoka ndani. Mara moja. Mara mbili. Shemeji alikuwa bado ameweka kiganja juu ya mfuniko, na ngumi zile alizisikia zikitua ndani ya vinundu, kimoja baada ya kingine, bila kukosea.

Kisha mzee akasema kutoka gizani, kwa upole ule ule, "Sauti ni hii hii. Siku fundi huyu alipoliiba gari hili nilikuwa nimelala humu ndani, naunga nyaya za taa. Niligonga njia nzima, nikimsikia akiongea na simu habari za gereji, hadi alipolitelekeza. Usinifungulie bado, binti. Funga geti kwanza."