Posa Siku ya Baridi

Mimi sijapata kuiogopa baridi ya Mombasa. Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na sita nilifungua dirisha niicheke, nikalifunga upesi, nikarudi kitandani na koti la marehemu mume wangu.

Jirani yangu wa mtaa wa Kuze, Mahira, alikuwa uani tangu alfajiri akipika biriani. Siku hiyo Bi Sheikha wa Maskati angewapandisha boti Mahira na jamaa zake wazunguke kisiwa, na huko majini amvishe Mwanarusi, bintiye Mahira, pete ya mwanawe Mzamil. Kesho yake Bi Sheikha arudi kwao. Na mtaani Tononoka palikuwa na binti mwingine ambaye Bi Sheikha amekwisha kumtazama, mrefu kuliko Mwanarusi, na mdomo mfupi.

Simu ya Mahira ikalia; alikuwa Bi Sheikha.

"Mahira mwanangu, boti basi tena. Upepo huu wakata masikio."

"Twendeni upande wa Tudor, Bi Sheikha, huko kumetulia. Nitakuletea na blanketi."

"Blanketi botini! Kwani mimi mgonjwa? Twaja kwako. Biriani ni biriani, hata ikiliwa ndani."

"Kwangu... mama mkwe wangu hajiwezi."

"Ndiyo vizuri, nimpe mkono."

"Amelala. Nimemnywesha uji sasa hivi, maskini, akaumaliza wote. Kaniambia asiamshwe."

"Simwamshi."

Wakaja. Nasi majirani tukaingia nyuma yao, maana biriani ya posa haina mlango. Pete ikatolewa, Mwanarusi akanyoosha kidole.

"Ngoja," akasema Bi Sheikha. "Kwanza baraka za mkubwa wa nyumba." Akachomoa mkobani soksi za sufu. "Na hizi namvisha mimi mwenyewe. Baridi huwaingilia wazee miguuni."

Mahira akasimama mlangoni pa chumba kama kitasa. "Usingizi wake mwepesi, Bi Sheikha!"

"Na mkono wangu mwepesi. Nipishe."

Akaingia, akainama, akaubusu mkono wa ajuza. Mkono ulikuwa baridi kuliko siku yenyewe.

"Uwii!" Mahira akajitupa kitandani. "Mama! Sasa hivi alikuwa akinywa uji! Ametutoka tukiwa hapo ukumbini, jamani, hata shahada sikumtamkisha!"

Kilikuwa kilio kizuri, siwezi kumnyima. Hata mimi chozi lilinitoka, na Bi Sheikha akampapasa mgongo, akamwambia posa haitavunjika kwa kazi ya Mungu, watangoja matanga yaishe.

Kisha, soksi zingali mkononi, akafunua blanketi upande wa miguu. Vidole gumba vya ajuza vilikuwa vimekwisha kufungwa pamoja, kama afungwavyo maiti, kwa utepe uliokatwa kwenye kitambaa cha gauni alilovaa Mwanarusi.