Nyuzi za Marehemu

Matanga yalikuwa yaanuliwe kesho, na Tunu alishaapa kuupiga mwenyewe wimbo wa marehemu mumewe. Lakini ile C ya gitaa, mshiko wa vidole vitatu tu, iligoma. Kila akikandamiza nyuzi, gitaa lililia kama sufuria iliyopasuka.

"Shoga, hata kuku wamekimbia!" jirani alimtania, na nyumba nzima ikacheka.

Shemeji yake Kafumu alilichukua, akalikagua. "Shemeji, vidole vyako havina kosa. Kaka alipigia mkono wa kushoto, nyuzi kazifunga kinyume. Tuzifungue, tuzigeuze."

"Alizifunga mwenyewe, asubuhi ya kwenda kulazwa," Tunu alisema.

Tunu akashika kigingi cha kukazia uzi mnene, akakizungusha kidogo. Uzi ukalegea, ukaguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.