Ndevu za Mama

Sindano ilizama mara ya mwisho kidevuni mwa Siwema, umeme ukamuuma kama siafu, na udevu ukatoka na mzizi wake. Nasra, aliyekuwa akimtibu, akauweka juu ya pamba.

"Zimekwisha, dada. Mwaka mzima na miezi miwili! Hongera."

Siwema akashuka kitini, akajipapasa. Kidevu kilikuwa laini kama cha mtoto.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi. Kila safari alikuja kumshika mkono, na kila safari alimcheka: "Baba yako alinioa na ndevu zangu, wala hakulalamika." Leo hakucheka. Aliinuka, akafungua mtandio aliozoea kuuzungushia kidevuni, akakaa kwenye kile kiti.

"Na mimi nitolee," alimwambia Nasra. "Nimechoka kujifunika."

Siwema alipigwa na butwaa. Miaka yote alidhani mama yake hajali. Chini ya taa aliziona ndevu saba nyeupe, zile zile alizokuwa akizishika utotoni mpaka usingizi umchukue.

Nasra akawasha mashine. Siwema akaushika mkono wa mama yake, kama yeye alivyokuwa akishikwa.

"Inauma sana, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama."

Lakini mkono wa pili wa Siwema ulikwishapanda wenyewe hadi kidevuni mwa mama, vidole viwili vikashika udevu mrefu kuliko zote. Nasra akainama na sindano yake, akasubiri auachie.